Kikinibeba Mimi

Kilo zake kamili hakuna aliyezijua. Mara ya mwisho alipokanyaga mizani, kwenye duka la nafaka, mshale ulizunguka ukaenda kugonga mwisho, na mwenye duka akamwomba ashuke taratibu kabla hajamharibia riziki. Tangu siku ile akaitwa Mzee Mia. Hakuchukia. Mtu akimuuliza, "Mia ngapi, mzee?" yeye hujibu, "Mia na ushei," kisha hucheka mpaka tumbo lipande na kushuka.

Alikuwa fundi wa pikipiki. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye gereji ile ile, chumba kimoja cha matofali chenye kizingiti kirefu cha saruji, na mbele yake uwanja mdogo uliolowa oili mpaka hauoti hata jani. Ukutani, kwa mkono wake mwenyewe na rangi nyekundu, aliandika: KIKINIBEBA MIMI KITAMBEBA YEYOTE. Na hayo hayakuwa mapambo, jamani. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Pikipiki ikishatengenezwa, Mzee Mia huikalia, anajirusha mara tatu juu ya kiti na uzito wake wote, huku ameinamia springi za nyuma kusikiliza zinalalamikaje. Zikishuka sana, huchukua spana yake iliyopinda kama ndoano na kuzungusha pete iliyo chini ya springi, ngazi ya pili, ya tatu, mpaka ya tano ambayo ndiyo mwisho. Zikishuka tena, basi zenyewe hutolewa, anaweka nene zaidi.

Tusimwonee. Wateja wake walikuwa wabeba magunia ya mkaa, wabeba mitungi ya gesi, na wale wanaopakia abiria watatu na mbuzi juu. Kwa miaka ishirini na sita alisikia lalamiko moja tu: "Fundi, inakaa chini." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kumwambia imekuwa ngumu mno. Kwa hiyo akaamini kwamba kwenye pikipiki ugumu ndio afya, na mtu akiamini jambo miaka yote hiyo, kumtoa hapo ni kama kung'oa jino kwa uzi.

Kitindamimba wake alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwembamba mno. Baba mtu ndiye aliyempa jina la utani la Sindano, na gereji nzima ikalipokea. Sindano alipata kazi kwenye maabara ya mji, kazi ya kupita kwenye zahanati za pembezoni kukusanya chupa ndogo za damu za wagonjwa na kuzileta zipimwe, kwenye sanduku la baridi linalofungwa nyuma ya kiti. Alipewa miezi mitatu ya majaribio. Maabara ilikuwa na pikipiki sita, zote zikihudumiwa na Mzee Mia, na mwanamke alikuwa yeye peke yake, wa kwanza kupewa. Siku aliyoletewa kofia ngumu alishinda nayo kichwani nyumbani, hata vyombo aliosha akiwa ameivaa. Mama yake alimwambia, "Utaoga nayo pia?" Akasema ndiyo.

Sasa sikiliza mapenzi ya baba yalivyo. Kabla hajaanza kazi, Mzee Mia aliichukua ile pikipiki, akafunga kazi nyingine zote siku mbili. Akatoa springi za kiwandani, akazitia kwenye kopo kuukuu la maziwa chini ya meza. Akafunga springi nene za kubebea mizigo. Mbele, ndani ya mabomba yanayoshika gurudumu, akaongeza washa, vile vipete bapa vya chuma, tatu tatu, na oili nzito. Pete akaipeleka ngazi ya tano. Kisha akaikalia, akajirusha, na pikipiki ikatulia chini yake kama kitanda kipya.

"Mwanangu," alisema, "hii hata ukipakia hospitali nzima." Na machozi yalimlengalenga, ingawa alijifanya ni petroli.

Wiki ya kwanza Sindano alikuja gereji saa ya chakula. Mshona viatu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa gereji na ulimi wake umeegemea mambo ya watu, alikuwepo, pamoja na waendesha pikipiki wanne waliokuwa wanangoja.

"Baba, inanirusha," Sindano alisema. "Nikipita kwenye mashimo nyuma inaruka, tairi linaacha barabara. Nikishika breki pale pale linateleza. Hebu nilegezee kidogo."

Angemwita baba yake pembeni, yasingetokea haya. Lakini watu walikuwa wanatazama.

"Hapa hakuna baba," Mzee Mia alisema. "Hapa kuna fundi. Baba yuko nyumbani, anapatikana jioni."

Watu wakacheka.

"Haya. Fundi, inanirusha."

"Haikurushi. Wewe unakaa kama mgeni aliyeambiwa chakula bado. Kaa! Shika chombo, kijue nani mwenyewe. Mimi nimekikalia hiki, kimetulia tuli. Soma ukutani hapo."

"Au ajaze mawe mfukoni," mshona viatu alidakia, "Sindano isipeperuke." Wakacheka tena, na Mzee Mia alicheka kuliko wote. Msichana alitabasamu kidogo, yale matabasamu ya kumaliza mazungumzo, akavaa kofia yake akaondoka.

Baada ya wiki moja akaanguka. Kidogo tu, goti likachubuka, chupa zikawa salama. Akarudi gereji na ombi lile lile, na safari hii hakutania. Hapo Mzee Mia alifanya jambo ambalo ningependa kuliruka, lakini habari yenyewe iko hapo. Alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akaishika ile spana ya ndoano, akagonga chuma mara mbili, ko, ko. Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Tayari," alisema. "Nimelegeza." Pete hakuigusa. Alipoinuka alimkonyeza mshona viatu, kwa maana ya kwamba hawa watoto ugonjwa wao ni wa kichwani, na dawa yake ni maneno.

Jioni ya kesho yake, nyumbani, Sindano alimtilia baba yake chai akasema, "Leo afadhali, baba. Asante. Nimekimbia vizuri."

Alikimbia kwa sababu aliamini. Siku ya tatu, kwenye mteremko wenye mashimo, alikwenda kwa mwendo wa mtu aliyelegezewa, gurudumu la nyuma likaruka, na alipogusa breki likawa hewani bado. Pikipiki ilimtupa. Kiwiko kilipasuka, akashonwa nyuzi saba. Sanduku lilifunguka, na chupa thelathini na moja za damu zikamwagika kwenye kokoto. Watu thelathini na mmoja ikabidi wachomwe sindano upya, wengine walikuwa watoto, na mmoja alikuwa bibi aliyetembea nusu siku kufika zahanati.

Msimamizi wa maabara, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, hakumfukuza hapo hapo. Alikuja naye gereji, Sindano akiwa na mkono kwenye kitambaa cha shingoni.

"Fundi," msimamizi alisema, "nataka kuwa na haki. Huyu anasema pikipiki ni ngumu, haimfai. Wewe ndiye unayeijua. Nikuulize mbele yake: ina tatizo?"

Ulimi hauna mfupa. Mzee Mia alitazama ukuta wake wenye maandishi, akamtazama mshona viatu aliyekwisha kuacha kushona ili asikie vizuri, akakumbuka zile pikipiki nyingine tano, na jina lake la miaka ishirini na sita. Mtoto wake hakumtazama.

"Pikipiki haina kosa," alisema. "Kosa liko juu ya kiti."

Msimamizi akashusha pumzi. "Basi," alisema. Kuanzia siku iliyofuata Sindano akahamishiwa chumba cha nyuma, kuosha chupa, mpaka miezi mitatu iishe waone la kufanya. Pikipiki ikabaki gereji kungoja mwendeshaji mwingine. Jioni ile nyumbani, na siku zote zilizofuata, Sindano hakumlaumu baba yake kwa neno hata moja. Chai alimtilia kama kawaida. Alimwamkia asubuhi, akajibu akiulizwa, na kofia ngumu aliitundika nyuma ya mlango. Mzee Mia alitamani atukanwe. Alikuwa anakula haraka haraka ili atoke pale mezani.

Mama watoto ndiye aliyelipasua jipu. Siku ya tisa alileta chakula gereji, akakuta mumewe anamweleza mshona viatu, kwa sauti kubwa ya mtu anayejishawishi mwenyewe, kwamba wasichana wa siku hizi wanakaa juu ya pikipiki kama wageni, kisha wanataka barabara iwe godoro.

Mama akaweka bakuli chini. "Nionyeshe," alisema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hiyo pikipiki isiyo na kosa. Ishushe hapo kizingitini nione."

Ah, hapo alikuwa amechokoza mwenye ngoma yake. Mzee Mia aliipanda, akawasha, akashuka kile kizingiti kirefu. Pikipiki ikazama kidogo, ikainuka, ikatulia. Hata shati halikutikisika.

"Umeona?" alisema, akitweta kwa furaha. "Laini kama maziwa."

"Nimeona. Sasa wewe kilo kama za mwanao uliziacha ukiwa darasa la tatu." Mshona viatu alicheka, mama akamgeukia: "Na wewe shona." Kisha akanyoosha kidole pembeni, kwenye mfuko wa saruji ulioletwa kuziba nyufa za sakafu. "Ule una kilo hamsini. Mwanao hafiki hata hapo. Mpandishe huyo."

"Mama nanihii, saruji si mtu."

"Mpandishe."

Akampandisha. Mfuko ukalazwa juu ya kiti, na jambo la kwanza lilimfika Mzee Mia machoni kabla halijafika kichwani: springi hazikushuka. Hata unywele. Kwa miaka yote aliangalia springi zikiwa chini yake mwenyewe, zikijikunja kama zinavyotakiwa. Sasa zilisimama wima kama nguzo za lango, kana kwamba juu yake hapakuwekwa kitu. Na springi isiyoshuka mtu anapokaa haina akiba ya kunyooka. Kukitokea shimo, gurudumu halina namna ya kulifuata, linabaki kuning'inia hewani. Haya aliyajua. Fundi yeyote anayajua. Aliyajua kwa mizigo mizito, hakuwahi kuyageuza upande wa pili.

"Sogeza," mama alisema.

Mumewe alishika usukani, akatembea ubavuni, akaisukuma kushuka kizingiti kile kile. Gurudumu la nyuma liligonga chini, pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, na mfuko ukapaa, naapa ukapaa, ukatua ubavu uwanjani na kupasuka. Vumbi la saruji likapanda likamfunika fundi kuanzia nywele mpaka viatu.

Mama watoto aliutazama ule mfuko, kisha akamtazama mume wake aliyekuwa mweupe kama aliyepakwa chokaa.

"Haya niambie," alisema polepole. "Nayo saruji imekaa kama mgeni?"

Mshona viatu akainamia kiatu ambacho kilikuwa kimekwisha shonwa. Mama alichukua bakuli lake, chakula kikiwa humo humo, akaondoka nalo.

Aibu ya kuchekwa ni nyepesi, mtu unaivua jioni na nguo za kazi. Iliyomkamata Mzee Mia haikuwa hiyo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, saruji ikimkauka shingoni, na kilichokuwa kinamrudia masikioni hakikuwa kicheko cha mtu. Ilikuwa ile ko, ko. Na "Leo afadhali, baba. Asante." Angekuwa amekosea tu, angesema binadamu hukosea. Lakini alimdanganya mtoto, mtoto akaamini, akaongeza mwendo kwa ajili ya uongo wake, kisha alipopasuka kiwiko akamshitaki mbele ya mkuu wake. Alijishika kichwa akasema kwa sauti, peke yake, "Mimi ni mtu gani?"

Kisha akainuka akafanya kazi. Alitoa springi nene. Alilivuta kopo la maziwa kutoka chini ya meza, akazifuta vumbi zile za kiwandani na kuzirudisha mahali pake. Akafungua mbele, akatoa washa zote sita, akamwaga oili nzito na kutia nyepesi. Pete akairudisha mpaka ngazi ya kwanza, na kwa kuwa haikuwahi kukaa hapo katika mikono yake, alisimama akaitazama kama mgeni. Saruji iliyomwagika aliizoa, akaikoroga na mchanga na maji, na nyingine ikaenda kwenye nyufa za sakafu. Iliyobaki aliipaka ukutani kwa mwiko, juu ya maandishi mekundu, neno kwa neno. Mshona viatu alimwona akifika kwenye MIMI. Hakutania.

Kesho yake asubuhi aliikokota pikipiki mpaka maabara, kwa miguu, kwa sababu akiipanda yeye sasa ingekalia tairi. Watu njiani walimuuliza, "Mzee Mia, imezima?" akasema ndiyo.

Msimamizi alitoka uani. Sindano aliitwa, akatoka chumba cha nyuma na glavu za mpira zinazotiririka maji. Alimwona baba yake, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naomba ukae juu ya hii. Sitakugusa, nataka kupima tu."

Sindano alimtazama msimamizi, msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Akavua glavu, akapanda. Mzee Mia alipiga magoti kwenye saruji ya ua, na magoti yale hayakuwa yamegusa chini miaka mingi, akatoa utepe wa kupimia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipima pikipiki akiwa yeye yuko chini na mwingine yuko juu. Ilikuwa imeshuka vidole viwili. Vidole viwili kamili, kama inavyotakiwa.

Alipaswa kuinuka hapo na kusema neno lake akiwa amesimama. Hakuweza. Alisema akiwa pale pale chini, akiitazama pete.

"Mama msimamizi, siku ile nilisema uongo. Pikipiki ndiyo ilikuwa na kosa, na kosa niliweka mimi. Nilikuwa napima kila kitu kwa mwili wangu. Mtoto aliniambia mapema." Angeweza kuishia hapo na wangemshukuru. "Na aliponiambia mara ya pili, nilimwambia nimelegeza. Sikulegeza. Niligonga chuma mara mbili ili asikie mlio."

Bomba lilikuwa linavuja mahali. Mzee Mia aliona miguu ya mwanawe, viatu vyake vidogo vimegusa chini pande zote mbili.

"Nikaendesha kasi," Sindano alisema, kama anajisemea. "Siku ile niliendesha kasi kwa sababu ulisema."

"Najua."

Akawasha. Alizunguka ua mara moja, akapita juu ya mfuniko wa mfereji uliobonyea, akarudi akaupitia tena kwa mwendo mkubwa zaidi. Gurudumu liliingia na kutoka bila kuachana na chini. Kiwiko chenye mshono hakikushtuka. Alisimamisha, akazima, akaegesha vizuri.

"Jumatatu utarudi kwenye njia yako," msimamizi alimwambia. "Na zile tano nyingine, fundi, tutazungumza."

"Tutazungumza," Mzee Mia alisema. Kisha akainua uso kwa mwanawe, uso mzima umelowa, na hakujifanya ni petroli. "Mwanangu. Nisamehe."

Sindano alikuwa anavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lilimmaliza mzee. Alimjibu kwa adabu zote, kama anavyojibiwa mtu aliyekuhudumia vizuri.

"Asante, fundi," alisema, akarudi ndani kumalizia chupa zake.

Mzee Mia alibaki amepiga magoti pale uani, utepe mkononi. Msimamizi akamsogelea na kumuuliza taratibu kama aite mtu wa kumwinua. Akasema hapana, asante, bado kidogo.